Karatasi Isiyopelekwa Duka la Dawa: Huduma ya Vijana Katika Komini ya Katuba

Kituo kimoja cha afya cha Katuba, hapa Lubumbashi, ambacho sitakitaja jina kwa kuwa nina ya kukilaumu pia, huwapa vijana agizo lisilo la dawa. Kijana anayefika akilalamika kwamba usingizi umempotea, hana hamu ya kula au mawazo yamemzidi, hununua fishi, yaani kadi ya matibabu, na kusikilizwa na muuguzi kama mgonjwa mwingine yeyote. Hupimwa malaria na upungufu wa damu ili tatizo la mwili lisisahaulike, na lisipoonekana la kutibiwa kwa vidonge, hupelekwa kwa mama mmoja mwenye meza yake nyuma ya chumba cha chanjo. Kazi ya mama huyo ni kuzungumza na kijana bila haraka, kumtafutia shughuli ya mtaani inayomfaa, kumpeleka mwenyewe siku ya kwanza, na kuendelea kuulizia habari zake.

Mpwa wangu alipelekwa hapo baada ya kushindwa mtihani wa serikali na kujifungia chumbani hata jioni ambazo wenzake walikuwa uwanjani. Kwanza alipangiwa timu ya mpira, kwa kuwa ni mvulana na orodha ya kituo, kwa bahati mbaya, imegawanywa hivyo: mpira kwa wavulana, ushonaji kwa wasichana. Hakuenda. Mama wa mezani hakumkaripia, alimwita tena, akamuuliza, "Mwanangu, kabla ya uchovu huu ulikuwa ukipenda nini?" Akajibu, "Mama, nilikuwa nikipenda kusikiliza tarumbeta za parokia." Wiki iliyofuata walikwenda pamoja kwenye mazoezi ya fanfari, yaani bendi hiyo ya tarumbeta. Ala ni chache, na anayejifunza husubiri zamu yake, lakini huko kusubiri kwenyewe humkalisha kijana kati ya wenzake, akiwa na sababu ya kuwapo na bila kulazimika kumweleza mtu yeyote kwamba hayuko sawa. Sidai kwamba amepona. Nasema tu kwamba sasa anatoka nyumbani, na siku za mazoezi hula bukari (ugali) yake bila kubembelezwa.

Njia hii haikubuniwa Katuba. Mjini London, kituo cha Bromley by Bow kilianzishwa mwaka 1984 kikaja kuunganisha matibabu na bustani, sanaa na mafunzo ya kazi. Na mpango wa huduma za afya wa Uingereza uliotangazwa Januari 2019 uliahidi kuajiri zaidi ya waunganishaji 1,000, yaani watu wanaofanya kazi kama ya mama yetu. Mfano ulio karibu nasi zaidi ni wa Harare, ambako tangu mwaka 2006 daktari wa akili Dixon Chibanda amewafunza akina mama wazee kuwasikiliza wagonjwa kwenye benchi lililowekwa nje ya zahanati. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, ambao watu 573 walishiriki, ulionyesha kwamba waliopitia benchi hilo walikuwa na dalili chache za msongo na huzuni kuliko wale waliopata huduma ya kawaida. Baada ya mazungumzo, wahusika hukaribishwa katika vikundi ambamo husuka mifuko huku wakipeana moyo. Hata hivyo, tafiti nyingi za aina hii ni za watu wazima, kwa hiyo anayewaahidi wazazi wa Katuba matokeo ya hakika kwa vijana anakwenda haraka mno.

Kwa upande wa shughuli, Lubumbashi si maskini. Wasalesiani, watawa wa Kikatoliki wa Don Bosco, walifika hapa mwaka 1911, mwaka mmoja tu baada ya mji kuanzishwa, na desturi yao ya kuwakusanya vijana kwa michezo, muziki na ufundi bado ipo. Kuna kwaya katika karibu kila parokia na kanisa, na kuna kituo cha sanaa cha Waza. Lakini kijana aliyezama katika huzuni hawezi kubisha hodi peke yake mahali ambapo wote wanajuana, na hapo ndipo mama wa mezani anastahili kila sifa ninayompa.

Sasa lawama. Chumba chake kina pazia badala ya mlango, na akina mama wanaosubiri chanjo husikia yote. Msichana mwenye jambo zito nyumbani hatalisema hapo. Nauli ya manseba, yaani pikipiki za abiria, haimo katika huduma, hivyo anayekaa mbali na parokia huacha baada ya majuma machache, na jioni wazazi wengi hawawaachi mabinti watoke. Fanfari, kwaya na timu hupokea vijana bila kupewa chochote, wala mafunzo ya kutambua hatari. Hili la mwisho ndilo linalonisumbua zaidi, kwa sababu kijana anayesema anataka kujiua hapaswi kupelekwa kwenye tarumbeta. Anapaswa kufikishwa siku hiyo hiyo kwa wataalamu, na mjini kipo kituo cha magonjwa ya akili cha Docteur Joseph Guislain, kinachoendeshwa na mafurere (watawa wa kiume) wa Charité. Nilipouliza nani huamua hivyo mama akiwa hayupo, sikupata jibu la wazi.

Kwa wazazi wanaofikiria kwenda, Jumatatu haifai, kwani foleni ya chanjo ni ndefu na mama huitwa kusaidia. Nendeni alasiri za katikati ya juma, ombeni mazungumzo yafanyike nje chini ya mwembe, na mwacheni kijana achague shughuli mwenyewe kabla ya ile orodha kufunguliwa.