Shimba Hills baada ya masika: palahala na maporomoko ya Sheldrick

Kwenda Hifadhi ya Shimba Hills kutoka Mombasa, vuka feri ya Likoni, kata kulia Kombani, panda hadi Kwale. Asiyetaka foleni ya feri azunguke kwa barabara ya Dongo Kundu. Langoni hawapokei pesa taslimu. Lipa kwa simu ukiwa bado mjini, mtandao usije ukakuangusha huko juu.

Hifadhi hii ndiyo pekee Kenya yenye palahala wa porini, aina ya swala mkubwa, na kwa hilo tu inastahili safari. Nenda Juni au Julai, masika yakiisha: nyasi zimechipua na barabara zinaanza kukauka. Mei udongo huteleza na gari dogo hukwama. Ingia mapema, maana jua likikolea wanyama hujificha msituni. Dume aliyekomaa ni mweusi tititi, tumbo jeupe pe, pembe zimepinda nyuma kama majambia mawili. Jike ana rangi ya kahawia iliyoiva. Wengi hupita mbele ya kundi zima bila kujua, kwa kuwa wanamtafuta mweusi peke yake.

Maporomoko ya Sheldrick, yenye urefu wa mita 21 hivi, huendwa kwa miguu pamoja na askari wa hifadhi, kwani ndovu wamo. Kushuka ni raha. Kupanda, kama kilomita 2 kwenye joto la unyevu, ndiko huwamaliza watu. Kila mmoja abebe lita 2 za maji na avae viatu visivyoteleza, si ndara.