Seti ya kuhamishia filta ya oili kwenye Datsun 1200: uzoefu wangu na duka lililonijibu "kaza tu"

Nyota moja, na hata hiyo nimeitoa kwa shingo upande. Duka silitaji. Liko Kariakoo, na wanaohangaika na spea za magari ya zamani watalijua kwa lugha yao kabla hawajalijua kwa bango.

Mwenye Datsun 1200 ya usukani wa kulia anaijua shida yenyewe. Injini ya A12 pampu yake ya oili imefungwa nje ya bloku, upande wa kulia, na filta inafungwa moja kwa moja kwenye pampu, ikiwa imelala. Upande huohuo ndiko kuna boksi la stelingi. Filta fupi unaiingiza kwa kuibembeleza. Ndefu, ambazo ndizo zimejaa madukani siku hizi, zinakisogelea chuma kiasi kwamba mkanda wa kufungulia haupati nafasi ya kuzunguka. Halafu ukiifungua, oili iliyomo yote inamwagikia jointi za stelingi na raba zake. Raba ikilowa oili kila unapofanya huduma, inavimba, inalegea, mwisho usukani unaanza kucheza na watu wanalaumu boksi. Kwa hiyo kuhamisha filta kwenye gari hili ni kazi yenye maana kabisa, tena inayoongeza maisha ya gari ikifanywa vizuri.

Seti yenyewe ni vitu vichache: sahani inayokaa pale filta ilipokuwa, kichwa cha filta cha kufunga mahali pengine penye nafasi, hosi mbili za kuunganisha, na fitingi zake. Roho ya seti ni bushi ya katikati, ile inayoshika sahani kwenye nipeli ya pampu, yaani kibomba chenye thredi ambacho filta hujifungia. Seti hizi zinatengenezwa kwa magari ya kila aina, hivyo ndani ya boksi zinatakiwa ziwemo bushi za thredi tofauti: 3/4-16 UNF (kipenyo cha robo tatu ya inchi, thredi 16 kwa inchi), M20x1.5 (kipenyo cha milimita 20, na milimita 1.5 kutoka thredi moja hadi nyingine), M18x1.5 na kadhalika. Unachagua ya gari lako. A12 inataka 3/4-16.

Kwenye boksi langu ilikuwemo bushi moja tu, ya M20x1.5, ikiwa tayari imevalishwa kwenye sahani. Povu la boksi lilikuwa na mashimo ya zile nyingine, matupu. Mtu alizitoa.

Sasa sikilizeni hatari ilipo, kwa sababu thredi hizi mbili zinadanganya. Nipeli ya 3/4 ina kipenyo cha milimita 19.05. M20 ni milimita 20. Mwendo wa thredi ni karibu sawa: moja ni milimita 1.59, nyingine 1.5. Kwa hiyo bushi ya M20 inaingia kwenye nipeli ya 3/4 bila kugoma. Inazunguka vizuri tu, tena kwa vidole. Kinachoisaliti ni kucheza: ukiishika sahani kabla haijafika kwenye gasketi ukaitikisa, inayumba. Thredi iliyo sahihi haiyumbi hivyo. Nilipopima kwa venia, kile kipimo cha milimita na visehemu vyake, tundu la bushi lilisoma milimita 18.4 kwenye ncha za ndani za thredi. Bushi ya 3/4 ingesoma 17.5 hivi. Maana yake thredi zinashikana kwa theluthi moja ya milimita tu kila upande, mahali ambapo zinatakiwa zishikane kwa milimita 0.8. Hapo ni nchani tu zinagusana, na kwa kuwa mwendo wake haulingani, ni thredi chache za mwanzo ndizo zinazobeba mzigo wote.

Na mzigo huo si mdogo. Chukua gasketi ya duara yenye kipenyo cha milimita 65. Eneo lake ni sentimita za mraba 33. Injini ikiwaka asubuhi ikiwa na oili nzito, presha ikafika baa 5, sahani inasukumwa itoke kwenye pampu kwa nguvu ya zaidi ya kilo 160. Hiyo ndiyo nguvu inayotakiwa ishikwe na zile ncha za thredi. Zikichunika, sahani inaruka na pampu inaendelea kusukuma oili nje. Sampu ya A12, lile bakuli la oili chini ya injini, haina akiba: ni lita tatu na ushei tu. Taa ya oili itakapowaka na dereva akaiona, akatafuta pa kuegesha, beringi za krenki zimeshaguswa.

Nikarudisha boksi dukani nikiwa na nipeli ya mfano na venia mkononi. Nikamwamkia kijana wa kaunta, nikamwonyesha. Hakuangalia. Akachukua sahani, akaizungushia kwenye nipeli mpaka mwisho, akaibandika mezani kwa kishindo: "Mzee, si imeingia? Kaza tu, itakaa." Nikamwambia imeingia lakini haijashika, naomba bushi ya 3/4 iliyokuwemo kwenye boksi. Akasema bushi zinauzwa peke yake. Nikamwonyesha matundu kwenye povu. Ndipo akaanza kuhudumia mteja mwingine, na bila kunigeukia akasema haya magari ya makumbusho tunawasumbua nayo bure, tununue gari za kisasa.

Gari za makumbusho! Datsun ilishinda Safari Rally mwaka 1970, ikashinda 1971, ikashinda tena 1973, kwenye matope na mashimo ya Afrika Mashariki. Haikuwa 1200 iliyoshinda, najua, zilikuwa 1600 SSS na 240Z. Lakini jina ni hilohilo. Anayeuza spea za gari za zamani kisha anawadharau wenye nazo, anakula kwa mkono anaoutemea mate.

Kuna jambo linaniuma kuliko maneno yake. Mimi nina venia na najua thredi. Kesho atakuja kijana mwenye gari la marehemu baba yake, ataambiwa "kaza tu", atakaza, na itakaa. Itakaa wiki, pengine mwezi. Kisha injini itakufa barabarani, na atakayelaumiwa ni fundi.

Sasa niwe mkweli kuhusu vilivyobaki kwenye boksi. Kichwa cha filta ni kizuri. Kizuri kweli. Ni aluminiamu nene, nyuso zake zimechongwa laini, sehemu ya gasketi haina hata mkwaruzo, na maandishi ya IN na OUT yamechongwa kwenye chuma chenyewe. Hayakuchapwa kwa rangi ambayo ingefutika. Sahani nayo imenyooka. Aliyeitengeneza alijali kazi yake. Nilivyoviangalia vile viwili nikafika mahali pa kutaka kuongeza nyota ya pili.

Kisha nikashika hosi. Mpira mweusi usio na maandishi yoyote. Hauna kiwango cha presha, hauna joto, hauna hata neno oili. Na wa kufungwa kwa klempu za kukaza na bisibisi. Oili ya moto yenye presha ya baa 4 au 5 haifungwi kwa klempu za rejeta. Hosi kama hiyo inalainika kwa joto, klempu inazama, na kinachofuata ni hosi kuchomoka. Nilizitupa zote mbili. Nunua hosi ya hidroliki ya nusu inchi yenye waya ndani, aina inayoandikwa 1SN, na uiminyishe fitingi kwa mashine palepale kwa wauza hosi za hidroliki. Uliza iliyoandikwa nyuzi joto 120 za Selsiasi, kwa sababu nyingi zinaishia 100 na oili ya injini kwenye foleni ya Dar inaweza kupita hapo. Hosi hiyo haipendi kukunjwa: nusu kipenyo (rediasi) ya mkunjo wake isipungue sentimita 18. Pale karibu na boksi la stelingi nafasi hiyo haipo, kwa hiyo weka fitingi za kona ya digrii 90 kwenye sahani. Usiilazimishe hosi.

Fitingi zenyewe zina mtego mwingine. Matundu ya sahani na kichwa ni ya nusu inchi NPT, thredi ya bomba ya Kimarekani. Kwetu huku wauza fitingi wengi wana BSP, ile ya Kiingereza. Kwa saizi ya nusu inchi, NPT na BSP zote zina thredi 14 kwa inchi, hivyo BSP itaingia, itakaza, halafu itavuja tu, kwa sababu pembe ya thredi ya moja ni digrii 60 na ya nyingine 55. Ukiona tone lisilokoma hata ukikaza vipi, acha kukaza kabla hujapasua aluminiamu. Uliza NPT kwa jina. Na usifunge tepu nyeupe ya mafundi bomba. Kwenye laini inayorudi kwenye injini, kipande cha tepu kikikatika hakina filta mbele yake ya kukizuia. Kinakwenda moja kwa moja kwenye njia za oili za beringi. Tumia gundi ya maji ya kuzibia thredi, ukiacha thredi mbili za mwanzo bila gundi.

Mwelekeo wa oili usikosewe. Oili inaingia kwenye filta kupitia matundu madogo ya pembeni na kutokea tundu la katikati. Kwa hiyo tundu la sahani linalotoka pembeni ndilo linaloenda IN ya kichwa, na OUT ndiyo inayorudi katikati. Ukizibadilisha, ile raba ya ndani ya filta inayozuia oili isirudi nyuma inajifunga kama mlango, na injini inanyimwa oili. Kwenye gari lenye taa tu bila geji unaweza usijue mapema.

Kichwa nilikifunga ndani ya madigadi ya kulia, mbele, karibu na fremu ya rejeta, filta ikiwa inaning'inia na mdomo wake ukitazama juu. Hivyo inabaki na oili gari likizimwa, na ukiifungua haimwagi. Zungusha usukani kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia huku mtu akitazama chini, kuhakikisha hakuna fimbo ya stelingi inayogusa hosi. Kisha itikise injini kwa mkono, maana inacheza kwenye mauntingi zake. Acha hosi iwe na ulegevu wa sentimita nne au tano. Iliyokakamaa itang'oa fitingi.

Bushi niliichongesha kwa mchonga vyuma wa Gerezani, chuma cha kawaida, tundu la milimita 17.5 kisha tepu ya kukatia thredi ya 3/4-16 UNF. Kazi safi, na alinikaribisha kiti na kunionyesha thredi kwa tochi kabla sijalipa. Bei yake haikufika hata robo ya niliyolipa dukani. Kwa mashine yake kuukuu alifanya ambacho duka lenye vioo lilishindwa.

Kabla ya kuwasha, jaza filta oili mpaka juu. Hosi mbili za mita moja moja zinakunywa robo lita, kwa hiyo oili ya gari itaongezeka kwa kiasi hicho, pamoja na tofauti ya filta ukiweka kubwa zaidi. Toa plagi zote, chomoa waya wa koili, piga starta kwa vipande vifupi mpaka taa ya oili izime. Ndipo urudishe plagi na kuwasha. Ikipata moto zima, pasa kila kiungo kwa karatasi kavu, ongeza oili mpaka alama, na gari likishapoa hakiki tena kama bushi imekaza.

Gari linatembea. Halivuji. Filta sasa inafunguliwa kwa mkono mmoja, bila tone kwenye stelingi. Kwa hiyo mtu akiniuliza seti hii inafaa? Kichwa na sahani, ndiyo, vinafaa, na nikivikuta vinauzwa mahali pengine nitavinunulia na gari jingine. Nyota tatu, naweza kufika hapo. Kisha nakumbuka povu lenye matundu matupu, na yule kijana akinipa mgongo, narudi kwenye moja.

Mkienda duka lolote kununua seti ya aina hii, fungueni boksi pale pale kaunta kabla pesa haijatoka mfukoni. Hesabuni bushi mlinganishe na matundu ya povu, na mjaribu ya kwenu kwenye nipeli au kwenye filta ya zamani. Wakiwakataza kufungua, ondokeni.