TAHADHARI kwa wanaotafuta kamera ya bei nafuu Kariakoo: unayoijaribu siyo unayoondoka nayo

Ndugu zangu mnaorekodi nyimbo nyumbani, nimepigwa. Laki nne na themanini imekwenda na maji. Naandika huku kidonda kikiwa kibichi ili mwingine asikanyage palepale.

Mimi na binti yangu tunarekodi sebuleni, Mbagala. Mimi gitaa, yeye anaimba, mama yake anashika simu. Mwaka mzima tumeenda hivyo, na simu haikuwa mbaya, ila mama akichoka mkono picha inayumba, na feni inasikika kuliko mtoto. Nikataka kamera yenye tundu la maiki, yenye skrini ya kugeuza ili nijione ninapopiga, na bei isivuke laki tano. Wanaojua wakaniambia tafuta Canon 700D. Ni ya mwaka 2013, lakini inatoa video safi ya 1080p (Full HD), maiki inachomekwa, na skrini inafunguka pembeni kama dirisha. Kwa video ya sebuleni inatosha na kuzidi.

Fremu za maduka nilizopita waliniambia laki sita na nusu, mmoja akashuka hadi laki sita. Kisha nikaona tangazo Instagram: 700D, "Dubai used, kama mpya", lenzi ya 18-55, begi, chaja na kadi ya GB 64, vyote laki nne na themanini. Hapo ndipo ningepaswa kushtuka. Badala yake nikaanza kupiga hesabu ya stendi nitakayonunua kwa ile laki na ishirini niliyookoa.

Aliyenipokea Mtaa wa Aggrey ni winga, yaani dalali asiye na duka lake, kijana mstaarabu, shikamoo yake ya heshima, "mzee wangu" kila baada ya neno. Akanipandisha ghorofani kwenye kifremu cha chaja na kava za simu. Kamera ikaletwa. Nikaijaribu kama dakika ishirini, hakunikimbiza. Niligeuza skrini, nikachomeka maiki yangu, nikarekodi, nikapiga picha tatu kwa kadi niliyotoka nayo nyumbani. Ilikuwa nzima kabisa. Kasoro pekee ilikuwa mkwaruzo karibu na kitufe cha kupigia picha, na mkanda wake ulishonwa kwa uzi mweupe upande mmoja.

Nikalipa nusu taslimu na nusu kwa simu. Namba aliyonipa ilitokea jina la mwanamke. "Ni dada wa hesabu, mzee wangu." Nikabonyeza namba ya siri mwenyewe, kwa kidole changu.

Kamera ikachukuliwa "stoo" iwekwe kwenye boksi pamoja na chaja. Ikarudi boksi la Canon limezungushwa nailoni vizuri, limefungwa kwa gundi. Nilitaka kufungua. Akaniinamia sikioni: "Mzee wangu, usifungulie hapa. Vibaka wanakuangalia, hata Msimbazi hutafika nayo." Na nani asiyewajua vibaka wa Kariakoo? Nikalikumbatia boksi kwenye daladala hadi Mbagala kama mtoto mchanga.

Nyumbani binti ndiye aliyefungua. Akauliza, "Baba, mbona skrini haifunguki?" Nikaichukua. Mbele imeandikwa 1100D.

Kwa wasiojua tofauti: 1100D ni ya mwaka 2011, video yake inaishia 720p, chini ya ile 1080p, skrini imegandishwa mgongoni na tundu la maiki halipo kabisa. Yaani vyote vitatu nilivyovifuata havimo. Na si kwamba ni feki, ni Canon halali. Ndiyo maana ukilalamika wanakujibu kwa kujiamini, "si ulitaka Canon?"

Ile nzuri haiuzwi, ndugu zangu. Ni chambo. Inakaa palepale, inajaribiwa na kila mteja, na kila mteja anaondoka na kitu kingine ndani ya boksi.

Kilichoniokoa kidogo ni zile picha tatu. Kila picha hubeba ndani yake jina la kamera iliyoipiga. Nilipozifungua kwenye kompyuta na kuangalia taarifa zake, ziliandika Canon EOS 700D, tarehe na saa ileile niliyokuwa ghorofani. Kesho yake nikarudi na ushahidi huo. Winga simu haipatikani, Instagram ameniblock. Mwenye fremu akasema yeye anauza chaja tu, mawinga wanaomba meza yake kama wanavyoomba kivuli. Risiti yangu ilikuwa karatasi ya kuandika kwa kalamu, haina hata jina la duka. Mtandao wa simu wakaniambia pesa ilitolewa kwa wakala muda mfupi baada ya kuingia. Polisi nilipewa RB, namba ya kumbukumbu ya taarifa yangu, na namba ya simu niliyolipia nimeiripoti 15040, kule wanakoripotiwa matapeli wa simu. Hapo ndipo nilipo.

Nilidhani angalau kadi ya GB 64 nitaitumia. Kumbe nayo! Ni kadi ndogo ya simu iliyovalishwa adapta. Nimejaza video humo, zile za mwanzo zinafunguka, za baadaye majina yapo lakini hazichezi. Kadi za namna hii zimechezewa zijitangaze kubwa kuliko zilivyo. Fikiria umerekodi wimbo mzima, mtoto ameimba hadi sauti imekauka, halafu hakuna kitu. Kadi ijaze mpaka mwisho kwanza na ufungue faili moja moja kabla hujaiamini.

Sasa ukitoka na pesa yako, nenda na kadi yako kama nilivyofanya, lakini fanya na nilichoshindwa: kamera isitoke machoni pako baada ya kuijaribu. Chini ya mwili wake kuna namba. Ipige picha kwa simu. Iingie begini mkononi mwako, boksi wabaki nalo wao. Ukiogopa vibaka, funga mlango wa fremu ukague ndani. Lipa mwisho kabisa, na usilipe kwa jina lisilohusiana na duka. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Asiyeitoa anakwambia mapema kwamba kesho hatakujua.

Na usibabaishwe na jina Canon peke yake. 4000D na 2000D wanazozisifia kwa sababu ni mpya zaidi nazo hazina tundu la maiki. Kwa anayerekodi muziki ni hasara hata kama hujatapeliwa. Ile ya plastiki iliyoandikwa "4K, megapikseli 48", haina jina la maana, ina kimaiki na lenzi ya kubandika juu, hiyo simu ya kawaida inaishinda. Hiyo 4K yake ni picha ndogo iliyovutwa ikawa kubwa. Hata 700D yenyewe haina tundu la kusikilizia sauti, kwa hiyo hujui maiki imeingiza nini mpaka umalize. Ndiyo maana mimi sauti narekodi pembeni kwa simu ya pili, napiga kofi moja mwanzoni, kisha nalinganisha kofi la kwenye video na la kwenye sauti wakati wa kuhariri. Hiyo haikunigharimu hata senti, na ningeanza nayo kabla ya kwenda Aggrey nisingekuwa na haraka ile.

Binti amekataa tusimamishe. Simu tumeifunga kwenye kiti kwa mpira wa baiskeli, feni tumezima, tunarekodi saa kumi jioni mwanga wa dirisha ukiwa mzuri.

Jana usiku nimeliona tangazo tena, akaunti nyingine, jina jingine, sasa laki nne na hamsini. Picha ni ileile. Ukuzeni muone: mkwaruzo karibu na kitufe, uzi mweupe kwenye mkanda, upande wa kushoto.