Picha za karibu kwa kamera ya kawaida: anza kununua kipi, kipi kisubiri

Mama mmoja anayeuza dagaa pale soko la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, aliziangalia picha nilizompigia, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza: “Mwanangu, dagaa wangu wanang'aa. Mbona humu wamekuwa majivu?” Alikuwa sahihi. Kamera yangu haikuwa mbovu, na siku ile nilikuwa na seti mpya ya vilenzi vya kukuza iliyokula hela yangu yote ya vifaa. Nilichokosa ni mwanga wa kueleweka na kitu cha kuishikilia kamera isitikisike.

Tangu hapo nimepiga hereni na pete za dhahabu, shanga, ndoano za wavuvi, hata boksi la sigaa, zile sigara nene zinazosokotwa kwa majani ya tumbaku, kwa ajili ya duka la hoteli moja hapa mjini. Kila kazi imenirudisha kwenye jambo lilelile: wauzaji wadogo wa Mwanza wanaotangaza mtandaoni wanaanza kununua vifaa kutoka mwisho. Wanaanza na lenzi. Ninavyopanga hapa ni kwa mtu mwenye kamera ya kawaida, yaani ile ndogo ya mfukoni, au Canon au Nikon ya daraja la chini yenye lenzi yake ya 18-55, yaani ya zumu ya milimita 18 hadi 55.

Kabla hujatoa hata shilingi, chukua rula. Ilaze mezani, vuta zumu hadi 55, sogea karibu mpaka kamera igome kushika fokasi, rudi nyuma kidogo, piga. Sasa hesabu milimita zinazoonekana kutoka ukingo mmoja wa picha hadi mwingine. Lenzi nyingi za Canon 18-55 zitakupa milimita 65 hivi. Hiyo ndiyo picha ya karibu kabisa uliyonayo bila kununua chochote. Sigaa ya saizi iitwayo robusto ina urefu wa sentimita 12 hadi 13 na unene wa sentimita 2 hivi. Ni ndefu kuliko hizo milimita 65, kwa hiyo ukirudi nyuma kidogo inaingia nzima na nafasi inabaki. Fungu la dagaa kwenye sahani halina shida yoyote. Watu wengi wanaoniuliza lenzi ya kununua hawaihitaji, na rula ingewaambia hivyo bure. Anayeihitaji ni yule wa hereni ya sentimita 1, au anayetaka maandishi ya ule mkanda wa karatasi unaovishwa sigaa yasomeke.

Kwa kamera ya mfukoni, washa alama ya ua na usivute zumu. Nyingi hukaribia zaidi zikiwa kwenye upana wake wote. Ukivuta zumu zinakataa.

Cha kwanza: stendi ya miguu mitatu

Hiki hakina mpinzani. Ukisogea karibu na kitu kidogo, mtikisiko wa mkono unakua pamoja nacho. Tena ili hereni yote iwe kali, mbele na nyuma, lazima ubane tundu la lenzi hadi f/8 au f/11 (namba ikikua, tundu linakuwa dogo), na kwa mwanga wa dirishani hiyo inaweza kumaanisha robo ya sekunde au zaidi. Hakuna mkono unaotulia robo ya sekunde.

Usiangalie urefu wa stendi. Bidhaa ndogo hupigwa mezani, kwa hiyo stendi fupi iliyo imara inaishinda ndefu inayoyumba. Fanya jaribio hili ukiwa bado dukani: funga kamera yako, iinamishe itazame chini, kaza, kisha subiri dakika moja huku unaongea na muuzaji. Kama lenzi imeanza kushuka yenyewe, rudisha. Stendi nyingi zinazoning'inizwa kwenye maduka ya simu zimetengenezwa kubeba simu, na kichwa chake cha plastiki hakiwezi uzito wa kamera. Uliza yenye kichwa cha chuma. Kama ni nyepesi mno, ning'iniza mfuko wenye mawe katikati ya miguu; mji wetu haujawahi kukosa mawe.

Ukishaipata, weka saa ya kamera ya sekunde 2 ili kidole chako kisiwe kinagusa kitufe wakati picha inapigwa. Kwenye lenzi, zima kizuia mtikisiko.

Cha pili: mwanga, na sehemu kubwa ni bure

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo dagaa wa yule mama walipogeuka majivu.

Nunua karatasi mbili za manila nyeupe, moja nyeusi, na kipande cha kitambaa cheupe chepesi cha pazia, ambacho kwenye maduka ya Makoroboi hapa mjini hukosi. Vyote pamoja ni hela ya chai na chapati kwa siku chache. Weka meza kando ya dirisha, mwanga uingie kutoka ubavuni, na manila nyeupe isimame upande wa pili irudishe mwanga kwenye kivuli. Jua likipiga moja kwa moja, tundika kitambaa.

Dirisha lenyewe linabadilika na miezi. Mwanza iko kusini ya ikweta kwa nyuzi 2 na nusu tu, kwa hiyo mwezi wa 6 jua la mchana limeegemea kaskazini na dirisha la kusini linakaa kivulini. Mwezi wa 12 ni kinyume chake. Mwenye chumba chenye madirisha pande zote mbili ana studio ya mwaka mzima.

Kila kitu kinataka mwanga wake. Jani la nje la sigaa lina mishipa midogo na mng'ao wa mafuta. Ukilimulika kutoka mbele linakuwa kama kijiti kilichopakwa rangi ya kahawia. Shusha mwanga uje kwa chini kutoka ubavuni, upite juu ya jani, na mishipa itainuka. Dagaa wakavu wanataka mwanga unaotoka nyuma yao kidogo, ndipo fedha ya magamba inapowaka. Dhahabu ni kioo: inaonyesha chochote kilichoizunguka, pamoja na shati lako. Izungushie manila nyeupe, kisha sogeza ukanda mwembamba wa ile nyeusi ubavuni mpaka ukingo wa pete uchoreke.

Halafu kuna kosa la kamera lenyewe. Kipimo chake kinadhani kila kitu duniani ni kijivu cha wastani. Ukiweka dagaa juu ya manila nyeupe, kamera inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, na weupe unakuwa majivu. Tafuta kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, weka +1. Kwenye kitambaa cheusi weka -1. Nilimrudia yule mama nikiwa na manila yangu na hiyo +1, na kamera ileile. Picha ile anaitumia mpaka leo.

Kama lazima upige usiku, nunua balbu mbili za LED zinazofanana kabisa, kampuni moja, rangi moja. Soma boksi: 5000K hadi 6500K ni nyeupe, 2700K hadi 3000K ni ya njano. Ukikuta imeandikwa Ra 90 au zaidi, yaani kipimo cha balbu kuonyesha rangi kwa usahihi, lipia nyongeza, kwa sababu balbu duni huua rangi nyekundu na kahawia, na tumbaku, shanga za mbao na ngozi vinaonekana vimechoka. Usichanganye balbu na dirisha kwenye picha moja; upande mmoja unaweza kuwa bluu na mwingine njano, na kurekebisha vyote viwili kwa pamoja kwenye programu ni kazi ngumu. Na anayekaa jirani na ziwa afunge dirisha kabla ya kuwasha taa, la sivyo wadudu wa ziwani watatua kwenye manila kabla hujapanga bidhaa.

Cha tatu: kioo cha kukuza cha mbele ya lenzi

Kama rula imesema huwezi kukaribia vya kutosha, anza hapa. Ni kioo kinachofungwa kwa kuzungushwa mbele ya lenzi uliyonayo. Angalia kwanza namba iliyo mbele ya lenzi yako au nyuma ya kifuniko chake, yenye alama ya duara lililokatwa mstari: Canon 18-55 zilizoandikwa EF-S ni milimita 58, Nikon 18-55 ni 52 au 55 kutegemea toleo. Ukikosea namba, hakifungi.

Vinauzwa kwa nguvu zake: +1, +2, +4, +10. Hesabu ni rahisi. Gawa sentimita 100 kwa nguvu ya kioo, utapata umbali wa juu kabisa kinaoweza kuona vizuri: +2 ni sentimita 50, +4 ni 25, +10 ni 10 tu. Kwenye sentimita 10 lenzi yenyewe inauzibia mwanga kitu unachokipiga, na kingo za picha zinalegea. Kwa hiyo katika ile seti ya vinne inayouzwa kwa bei ya kutupa, utatumia +2 na +4. Kwa +4 ile picha ya milimita 65 inashuka hadi 40 hivi, ambayo inaitosha hereni.

Vioo vya seti hizo ni vipande vimoja, na huweka ukingo wa zambarau kwenye vitu vinavyong'aa. Vya vipande viwili ni vizuri zaidi kwa mbali: Canon 500D ni +2, 250D ni +4, na Raynox DCR-250 ni +8 na hujibana yenyewe kwenye lenzi za milimita 52 hadi 67. Kama biashara yako ni vito, ningeruka seti ya bei rahisi na kwenda moja kwa moja kwenye mojawapo ya hivi.

Cha nne: pete za kurefusha

Hizi ni bomba tupu, hazina kioo, zinakaa kati ya kamera na lenzi. Zinafaa zaidi ukiwa na lenzi ya 50mm: gawa urefu wa pete kwa urefu wa lenzi, kwa hiyo pete ya milimita 25 inakuongezea ukuzaji wa nusu. Hazipotezi ukali kama kioo duni. Ila nunua zenye vituo vya umeme vya dhahabu kwa ndani. Zisizo navyo zitaikata kamera na lenzi yake, na kwenye Canon tundu litabaki wazi kabisa. Utapata jicho la samaki kali, mkia wote ukungu.

Cha tano: lenzi ya makro ya mtumba

Makro ni lenzi iliyotengenezwa maalumu kwa picha za karibu. Hii ndiyo bora kwa ubora wa picha, na nimeiweka ya tano kwa sababu ya bei tu. Canon EF-S 60mm f/2.8 na Nikon 40mm f/2.8 zote hufika saizi halisi, milimita 1 ya kitu kuwa milimita 1 kwenye kihisi, kile kibamba cha ndani ya kamera kinachopokea picha. Mwenye Nikon ya D3000 au D5000 na ndugu zake anaweza kutafuta ile ya zamani, 60mm f/2.8D, kamera hizo hazina mota ya kuizungushia fokasi, lakini kazi ya karibu tunazungusha kwa mkono hata hivyo.

Ya mtumba imulike kwa tochi ya simu kutoka nyuma, utazame kutoka mbele. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, iache hata kama muuzaji anapunguza bei. Unyevu huku kwetu unaikuza. Ukishanunua, ihifadhi kwenye kontena la plastiki linalofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vya silika vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu.

Vya kuacha

Vilenzi vya kubana kwenye simu navyo vilishakula hela yangu. Katikati kuna ukali kidogo, pembeni ni uji. Mwenye simu tu arudi nyuma hatua, avute zumu mara 2 kwa kamera kuu, aiweke kwenye stendi. Hata ile kamera ya pembeni ya simu iliyoandikwa makro, kama ni ya megapikseli 2, haiifikii picha ya kamera kuu iliyokatwa.

Visanduku vya kukunja vyenye taa juu vinamwaga mwanga bapa kutoka upande mmoja, na mstari wa taa unaonekana umelala juu ya kila pete. Manila mbili na dirisha vinavishinda. Flashi ya duara ya mbele ya lenzi nayo, kwa dhahabu na kwa sigaa, inafuta ule mwanga wa ubavuni tuliohangaika kuupata. Tena picha inabaki na kiduara cheupe katikati ya kito, na mteja anauliza kama ni doa.