Kufuli la fimbo la usukani: linafaa, lakini tazama linavyofungwa

Mwizi akishika ufunguo halisi wa gari, imobilaiza, yaani mfumo unaozuia injini isiwake bila ufunguo wake, haimzuii. Mfumo ule unatambua chipu iliyomo kichwani mwa ufunguo, hautambui mkono ulioushika. Ndiyo maana wizi unaoanzia sebuleni hauachi kioo kilichovunjwa wala waya uliokatwa. Wala mwizi halazimiki kuingia ndani. Dirisha limeachwa wazi kwa joto la Novemba, meza iko karibu, upembo unapenya kwenye nondo na kurudi na shada zima la funguo. Gari linawashwa kama mwenyewe anavyoliwasha akienda kazini, na jirani wa Shangani au Chikongola hapa Mtwara akisikia mngurumo hana sababu ya kushtuka.

Kwa wizi wa namna hiyo, kufuli la fimbo linalouzwa kwenye maduka ya spea ndilo tunalolipendekeza kwanza. Thamani yake haiko kwenye chuma tu. Lina ufunguo wake, na ufunguo huo si sehemu ya gari. Lakini ukiutia kwenye shada lile lile la ufunguo wa gari, umempa mwizi vyote viwili kwa mkupuo mmoja. Uwekwe chumba cha kulala, mbali na dirisha, na wa akiba ukae nyumba nyingine kabisa.

Dukani, lifungue na ulifunge mara kumi kabla ya kulipa. Ulimi ukikwama hata mara moja, lirudishe. Vuta fimbo mpaka mwisho, kisha itikise: ikicheza sana ndani ya bomba lake, chuma ni chepesi na itapinda ikivutwa kwa nguvu. Angalia na ufunguo. Wenye meno machache yanayokaribia kulingana kimo ni dalili ya kitasa hafifu, kinachoweza kuzungushwa kwa kipande cha bati. Wenye vishimo vya kina tofauti kwenye ubapa ni bora zaidi. Jaribu kwenye gari lako mwenyewe, maana ndoano inayoshika vizuri usukani mwembamba wa IST inaweza isiingie kwenye usukani mnene wa Harrier.

Katika kufunga ndipo wengi wanapokosea. Ndoano moja ishike ukingo wa usukani kwa ndani upande wa kushoto, nyingine upande wa kulia, kisha fimbo ivutwe mpaka ikaze kabisa, ndipo ufunge. Mkia mrefu, ile ncha ya fimbo inayotokeza nje ya usukani, ndio unaofanya kazi: usukani ukizungushwa, lazima ugonge dashibodi, mlango au kiti. Baada ya kufunga, zungusha mwenyewe. Usukani ukimaliza mzunguko mzima bila kugonga kitu, umefunga pambo. Geuza mkia upande mwingine na ujaribu tena.

Udhaifu wake mkubwa tuuseme wazi. Mwizi mzoefu halikati kufuli, anaukata usukani. Chini ya ile ngozi na sponji kuna chuma chembamba au aloi, na msumeno wa chuma unapita bila shida. Ukingo ukishakatwa, ndoano inachomoka. Kwa hiyo kufuli hili linanunua dakika na kelele, na pia linaonekana kwa nje kupitia kioo. Mtwara dakika hizo zina uzito. Gari likishatoka mjini usiku, kuna barabara ya Masasi inayofika mpaka Daraja la Umoja kwenye Mto Ruvuma, lililofunguliwa mwaka 2010, na kuna ile ya Lindi inayopanda hadi Daraja la Mkapa na kuendelea Dar es Salaam. Ukigundua saa kumi na mbili asubuhi, umeshachelewa sana.

Chumvi ya bahari ni adui wa pili, hasa kwa magari yanayolala Mikindani au karibu na ufukwe. Ulimi unashika kutu, kitasa kinakuwa kigumu, mwenye gari anachoka na kuanza kuliacha chini ya kiti. Futa fimbo kwa kitambaa chenye oili kila mwezi. Ndani ya kitasa tumia unga wa grafaiti. Usiweke grisi, kwa sababu inanasa vumbi.

Anayeweza kuongeza gharama aweke pia swichi ya siri ya pampu ya mafuta. Fundi atumie rilei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme, ya volti 12, ampea 30 au 40: mkondo wa pampu upite pini 30 na 87, swichi ndogo iendeshe koili tu kupitia 85 na 86. Kosa tunaloliona ovyo zaidi ni kupitisha mkondo wote wa pampu kwenye swichi ndogo kwa waya mwembamba. Unapata moto, na siku moja gari linazimika katikati ya safari. Viungo vichomelewe kwa risasi na kufunikwa kwa mpira unaosinyaa kwa joto, kwa kuwa waya uliosokotwa na kuzungushiwa tepu haudumu kwenye hewa yetu. Ukiikata pampu, injini bado inaweza kuwaka kwa sekunde chache kwa mafuta yaliyobaki kwenye paipu, kisha inazima. Hilo ni la kawaida.

Pochi ya kuzuia mawimbi ni dawa ya ugonjwa mwingine. Inasaidia dhidi ya wanaonasa ishara ya ufunguo usiochomekwa. Ufunguo ukichukuliwa pamoja na pochi yake, haina kazi.

Na ufunguo ukiibiwa, hata kama gari lipo, usingoje. Toa taarifa polisi upate RB (namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha kituo), hamisha gari lisilale pale pale, kisha tafuta fundi mwenye mashine ya kufuta funguo kwenye kumbukumbu ya imobilaiza. Mpelekee funguo zote zilizobaki kwa siku moja, kwa sababu zikifutwa lazima zisajiliwe upya. Ule ulioibiwa hautawasha tena injini, lakini bado utafungua mlango mpaka vitasa vibadilishwe.