Gari ya vitanda, na yule bwana wa yadi

Mie si mtu wa kuandika marefu, lakini hili limenikaa kooni tangu Mwaka Kogwa ule, sikukuu ya mwaka mpya kule Makunduchi, hapa kwetu Zanzibar.

Nilinunua Hiace iliyofanywa nyumba: vitanda, jiko la gesi, tangi la maji. Imetoka Japani, ikapitia yadi moja ya mjini ambayo siitaji. Tukaondoka kwenda Makunduchi, mie na watoto, mama mzazi, na sufuria zima la pilau. Hatukufika. Pale msitu wa Jozani, miti ilipokutana juu ya barabara, nakanyaga mafuta gari inanguruma tu, haiendi. Harufu ya kuungua. Kima punju juu wanatutazama, na wallahi niliona wanacheka. Pilau tulilila kando ya barabara.

Fundi alipofungua giaboksi, oili nyeusi, nzito kama asali. Akasema imetiwa dawa ili gia zishike siku chache, gari iuzike.

Nikenda yadini kwa adabu, na salamu zangu. Yule bwana hata hakuinuka, kikombe cha kahawa mkononi. Akanionesha kwenye risiti: mali ikishauzwa hairejeshwi. Kisha akanambia, "Bibie, gari kama mume, humjui mpaka ukae naye." Wenziwe wakaangua kicheko. Giaboksi ningesamehe. Hilo sikusamehe.

Kaka yangu yuko Marekani. Kule, anasema, gari bovu huitwa limau, na sheria zake zinaitwa hivyo hivyo. Connecticut ilianza 1982, majimbo mengine yakafuata. Ukiirejesha mara kadhaa na haitengenezeki, kiwanda kinakubadilishia au kinakurudishia fedha. Roho iliniuma! Kumbe nyingi ni kwa gari mpya, si kuukuu kama yangu. Tena hizi za vitanda, majimbo mengi yanalinda injini na gia, upande wa nyumba unaachwa. Mengine hayazigusi kabisa.

Aliyenifungua macho ni shoga yangu. "Kwani sisi hatuna sheria? Tume ya Ushindani Halali wa Biashara ni ya nini? Sheria ya 2018 si inamlinda na mnunuzi?" Nikarudi yadini, nikaitaja Tume tu, hata barua sijaandika. Kikombe kikawekwa chini. Siku ile ile nikalipwa nusu ya gharama za giaboksi.

Basi ningesema msiende pale. Ila bei ile kwengine hamuipati, na kiyoyozi chake kinagandisha. Nendeni, lakini na fundi wenu. Hapana, msiende! Nusu? Aliyeficha ubovu yeye, nusu nilipe mie? Na ile kauli ya mume hajaiombea radhi mpaka leo.

Gia sasa zinaingia laini. Wiki hii tangi la maji limeanza kuvuja chini ya kitanda cha mama. Nimempigia kaka, kacheka mpaka kakohoa: "Upande wa nyumba huo, dada. Hata huku ungebaki nao mwenyewe."