Losheni zenye silikoni: ipi ununue kwanza

Geuza chupa ya losheni usome viambato. Jina linaloishia na "-cone" au "-siloxane" ni silikoni, kiambato cha kulainisha ngozi, na si sababu ya kuirudisha dukani. Dimethikoni (dimethicone), iliyoenea kuliko zote, ina molekuli kubwa zisizopenya ngozi. Hukaa juu, hupunguza maji yanayopotea, na bado hupitisha mvuke. Marekani, FDA, mamlaka ya chakula na dawa, huikubali kama kinga ya ngozi kwa kiwango cha asilimia 1 hadi 30. Ila haikupi maji. Hufunga yaliyopo tu, na hapo ndipo wengi hukosea wanaponunua.

Kwa hiyo ya kwanza kwangu ni losheni yenye glisirini pamoja na dimethikoni. Glisirini huvuta maji, dimethikoni huyashikilia. Kwa joto la Dar es Salaam au Mombasa sioni inayoizidi: hainati, na haikuachi uso ukimeremeta mafuta. Viambato huandikwa kuanzia kilicho kingi, basi tafuta glisirini kwenye majina matano ya mwanzo. Ipake mara tu baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu. Mwenye chunusi asiiogope, achague tu isiyo na manukato.

Ya pili ni mafuta ya mgando. Yanazuia maji kupotea kuliko dimethikoni, tena kwa bei nafuu. Kwa baridi ya Njombe au Limuru, au visigino vilivyopasuka, ningeyapandisha juu kabisa.

Krimu nyepesi zenye silikoni iitwayo saiklopentasiloksani, maarufu kama D5, naziweka ya tatu. Ulaini wake ni mtamu, lakini hupotea hewani upesi. Tena D5 haiozi haraka katika mazingira: tangu 2020 Umoja wa Ulaya umeiwekea kikomo cha asilimia 0.1 katika bidhaa za kusuuzwa kama shampuu, na Juni 2027 kikomo hicho kitazifikia hata losheni.

Mafuta ya nazi nayaweka ya mwisho kwa kupaka usoni. Mwilini yapake bila wasiwasi.

Kwa mwenye mtoto wa pumu ya ngozi anayepakwa mara nyingi kwa siku: mwaka 2018 MHRA, mamlaka ya dawa ya Uingereza, ilionya kuwa mafuta na krimu za kulainisha ngozi zikikaukia kwenye nguo na mashuka, kitambaa hushika moto upesi zaidi. Fua mara kwa mara, na mweke mbali na jiko la mkaa na kibatari.